Jaketi la ngozi kwenye joto la Malindi

Katikati ya Januari joto la mchana mjini Malindi hugonga nyuzi 31 au 32, na mwenye akili zake hutembea upande wa kivuli. Muuza madafu ndiye mwenye siku yake. Lakini fungua simu saa hiyohiyo, tafuta vitu vinavyouzwa kuanzia Mtwapa hadi Watamu, na katikati ya friji kuukuu, makochi na viwanja vya futi hamsini kwa mia, utakutana na jaketi zito la ngozi, jeusi, limetundikwa kwenye mlango wa mbao. Chini ya picha kuna maelezo mafupi: ngozi halisi, halina doa, wanunuzi makini tu.

Mgeni angeuliza ni nani anayenunua nguo ya baridi mahali ambapo hata shuka la kujifunika usiku ni la hiari. Jibu la swali hilo ndilo linaloifanya Pwani kuwa mahali pazuri pa kusaka majaketi ya ngozi ya zamani. Mahitaji ya hapa ni madogo, kwa hivyo bei huanzia chini. Hewa ya bahari nayo haina huruma na ngozi, kwa hivyo muuzaji hana muda wa kuringa. Koti la ngozi Pwani ni mali ya kupita, halifai kukaa. Anayejua kusoma picha na kuhesabu misimu hupata kwa bei nafuu kitu ambacho Nairobi kingemtoa jasho. Asiyejua hupokea kifurushi cha reksini, yaani ngozi bandia, inayobanduka kama maganda ya kitunguu.

Kutoka Kilindini hadi kwenye skrini

Mengi ya majaketi haya huingilia mlango mmoja, nao ni bandari ya Mombasa, ndani ya makontena ya mitumba. Ripoti ya taasisi ya utafiti wa uchumi ya IEA ya Nairobi, iliyotolewa mwaka wa 2021 kwa ushirikiano na chama cha wafanyabiashara wa mitumba, ilionyesha kuwa mwaka wa 2019 Kenya iliagiza tani 185,000 za nguo na viatu vya mitumba, sawa na makontena 8,000 hivi. Nguo hizo hukusanywa Ulaya, Amerika Kaskazini na Asia, kisha hupangwa kwenye maghala makubwa, mengine Poland, mengine Sharjah, mengine Gujarat kule India. Huko ndiko jaketi la ngozi hutengwa na la nailoni, la mwanamume na la mwanamke, zima na lililochoka.

Robota la kawaida lina kilo 45. Jaketi la ngozi la mwanamume lina kilo moja na nusu na kupanda, kwa hivyo robota la kilo hizo halitoi vipande vingi zaidi ya thelathini. Hapo ndipo presha ya mfanyabiashara inapoanzia. Mwenye robota la fulana akikuta kumi mbovu, hajahisi kitu. Mwenye robota la majaketi ya ngozi akikuta kumi yaliyopasuka, theluthi ya mtaji imekwenda kabla hajatundika hata moja.

Biashara hii imepita misukosuko. Hadi soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, uagizaji wa nguo kuukuu kwa ajili ya kuuza ulikuwa umebanwa ili kulinda viwanda vya nguo vya nchini. Mwaka wa 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuziondolea nchi husika nafasi ya kuuza bidhaa bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ikajitoa mapema, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka wa 2018 nguo za Rwanda zikapoteza nafasi hiyo. Kisha ikaja Covid-19. Machi 2020 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa mitumba, na marufuku hiyo ikaondolewa Agosti mwaka huo. Katika miezi hiyo, mwenye akiba ya nguo bila wateja mlangoni alikuwa na kila sababu ya kujifunza kupiga picha.

Leo robota likifunguliwa katika soko la Kongowea, Mombasa, wanaosimama mstari wa mbele ni wale wenye kurasa za Instagram, Facebook na TikTok. Wanatafuta kamera, yaani vile vipande vya kwanza kabisa ambavyo havina kasoro. Wanaofuata huchagua vinavyobaki, na mwisho kabisa huja fagia, nguo za kumaliza robota kwa bei ya kutupa. Mwindaji mzoefu wa ngozi haidharau fagia. Jaketi lenye bitana iliyochanika au zipu iliyokwama hutupwa huko na mtu asiyejua kwamba ngozi yenyewe iko salama.

Kutoka Kongowea mzigo hupanda matatu kuelekea kaskazini, kilomita 60 hivi hadi Kilifi, 120 hivi hadi Malindi. Kilifi kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, na mwanafunzi mwenye simu nzuri na ukuta mweupe wa hosteli tayari ana duka. Hakodi kibanda wala halipi mlinzi. Kazi yake ni kuweka picha kwenye status ya WhatsApp jioni, watu wanapotoka kazini, na kusubiri.

Mlango wa Waitaliano

Malindi ina njia nyingine ya kupata majaketi ambayo miji mingine ya Pwani haina. Katika miaka ya 1960 Waitaliano walijenga kituo cha kurushia roketi baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa mji. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Kituo hicho kilivuta wahandisi, wahandisi wakavuta jamaa, jamaa wakavuta watalii, na baada ya miongo kadhaa Malindi ikawa na mikahawa ya piza, aiskrimu ya Kiitaliano, na vijana wa ufuoni wanaoongea lugha hiyo bila kuwahi kukanyaga Ulaya.

Mtu anayeondoka Milano mwezi wa Desemba huacha mji uko kwenye baridi kali. Anashuka Mombasa au Malindi akiwa na koti mkononi, na koti hilo hulala kabatini hadi siku ya kurudi. Wengine hawarudi, au hurudi bila kulikumbuka. Nyumba inapouzwa au mkataba wa kodi unapokwisha, vitu vyote vinatafutiwa mwenyewe: meza, vyombo, vitabu, nguo. Koti la mtindo wa miaka ya 1980 likipita mikono miwili mitatu, huishia kwenye tangazo la simu, mara nyingi likiwa na bei ya mtu anayetaka tu kabati lipate nafasi.

Tofauti ya njia hizi mbili ni hali ya ngozi. La kwenye robota limebanwa kwa mashine na limekaa wiki nyingi kontenani, kwa hivyo lina mikunjo lakini limekuja kutoka nchi kavu zaidi. La kabati la Malindi halina mikunjo, ila limevuta chumvi na unyevu kwa miaka. Ukiambiwa koti lilikuwa la Mzungu fulani aliyeishi hapa muda mrefu, usichukue maneno hayo kama sifa. Yachukue kama sababu ya kuomba picha za bitana.

Nani huvaa?

Wateja wa karibu wapo, na wa kwanza ni boda boda. Tangu serikali ilipoziondolea kodi ya VAT pikipiki ndogo mwaka wa 2008, kazi hiyo imemeza vijana wa kila kijiji cha Kilifi. Kati ya Juni na Agosti, kusi ikivuma, anayetoka Gede saa kumi na moja alfajiri kupeleka abiria Malindi hukutana na upepo na manyunyu yanayopenya shati. Ndiyo maana utaona waendeshaji wamevaa koti kinyumenyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani na zipu ikiwa nyuma, ili upepo usipate mlango. Ngozi nene ya ng'ombe ina faida ya pili. Mtu akiteleza kwenye lami, koti huchubuka kabla yake. Ngozi ya kondoo, laini na nyepesi, haitoi kinga hiyo hata kama picha yake inavutia zaidi. Makoti yaliyoshonwa mahsusi kwa pikipiki huwa na ngozi ya milimita 1.2 au zaidi, na ukilishika tu uzito wake unakuambia.

Walinzi wa usiku ni wateja pia, na vivyo hivyo mwanafunzi aliyeitwa chuo cha bara, na mzazi anayesafiri Nairobi mwezi wa Julai. Kisha kuna vijana wa mitindo, hasa karibu na mwaka mpya, tamasha la Beneath the Baobabs linapowajaza Kilifi wageni kutoka Nairobi. Hao huvaa koti usiku kwa ajili ya kuonekana, na joto wanalimeza. Hawako peke yao barani Afrika. Botswana, nchi yenye jua kali, ina kundi maarufu la mashabiki wa muziki wa metali wanaotembea mitaani wakiwa wamejifunika ngozi nyeusi kutoka shingoni hadi kwenye buti.

Hata hivyo, mteja mwenye kulipa vizuri yuko mbali. Yuko Limuru, Nakuru, Eldoret, Nyahururu, kule ambako koti ni nguo ya kila siku. Tangazo linaandikwa Malindi, macho yanayolisoma yako bara. Kwa sababu hiyo anayesaka kutoka bara hufanya vyema kuweka eneo la kutafuta Mombasa, Kilifi au Malindi badala ya Nairobi. Ndani ya Nairobi anashindana na maelfu. Huku anashindana na boda boda wawili watatu na mwanafunzi mmoja.

Kusoma picha

Mazungumzo ya kawaida huenda hivi.

"Dada, ile jaketi ya brauni bado ipo?"

"Ipo kaka."

"Bei ya mwisho?"

"Elfu mbili mia tano, na hapo nishakupunguzia."

Mwindaji wa kweli hafiki kwenye swali la bei haraka hivyo. Kwanza huomba picha tano, zote zikipigwa mchana karibu na dirisha: lebo ya shingoni, kichwa cha zipu kwa karibu, bitana ya kwapani, ncha za mikono na ukosi, na mgongo wote. Muuzaji aliyezoea wateja wa ngozi huzituma bila kinyongo. Anayejibu kwa kurudia picha ileile ya mlangoni, au kwa picha inayoonekana kutoka kwenye duka la Ulaya, ameshajieleza. Ukiipitisha picha hiyo kwenye programu ya kutafuta picha ya Google, mara nyingi itakuonyesha ilikotolewa.

Tuchukue jaketi moja la kahawia, la aina inayopatikana sana huku, tulisome kama mwindaji anavyosoma. Ukosi wake ni mpana na ncha zake zimechongoka, mkato uliopendwa miaka ya 1970. Lebo ya shingoni imefumwa kwa uzi, haikuchapwa, na ina maneno Vera Pelle, ambayo kwa Kiitaliano ni hakikisho la ngozi halisi. Malindi, hata mhudumu wa mkahawa atakutafsiria. Kando ya maneno kuna nambari 50. Hiyo ni saizi ya Kiitaliano, sawa na 40 ya Uingereza na Marekani, kwa hivyo anayetafuta XXL akidhani hamsini ni kubwa atalipokea likimbana mbavu.

Picha ya pili ni ya zipu. Kichwa kimeandikwa Lampo, jina la kiwanda cha Italia. Meno ni ya shaba nyeupe iliyofifia, na chini kabisa, pale ambapo zipu huanza, kuna kijani kidogo. Hiyo ni kutu ya shaba, husuguliwa ikatoka. Ingekuwa nyekundu ya chuma, hadithi ingekuwa nyingine. Picha ya tatu ni ya kwapa. Bitana imeachia mshono kwa urefu wa kiganja, na mtu amewahi kuishona kwa uzi wa rangi isiyolingana. Muuzaji ataona haya. Mwindaji atafurahi, maana kupitia ule mwanya ameona upande wa ndani wa ngozi, una nyuzinyuzi na manyoya mafupi kama ya suedi. Reksini ingeonyesha kitambaa.

Ncha za mikono zimechakaa na rangi imepauka. Hiyo ni kazi ya fundi viatu kwa rangi na subira. Mgongo una mshono mmoja katikati na hauna ufa. Hapo ndipo penye thamani yote. Fundi cherehani anaweza kubadilisha bitana na zipu, lakini ngozi iliyokauka na kupasuka mgongoni haina dawa, na kubandika kipande kipya hugharimu kuliko koti.

Bado kuna kipimo. Maandishi ya saizi hayatoshi kwa nguo ambayo imeshonwa Italia, Korea Kusini, Uturuki au Pakistani, kila nchi na vipimo vyake, tena imevaliwa na mtu mwingine kwa miaka. Mwombe muuzaji alilaze koti sakafuni, alifunge, apime kwa futi ya fundi kutoka kwapa hadi kwapa. Zidisha mara mbili, upate mzunguko wa kifua. Linganisha na koti unalolivaa nyumbani. Pima na mkono pia, kuanzia begani, kwa sababu mkono mfupi wa ngozi haurefushwi.

Umri wa koti

Neno "vintage" limekuwa likibandikwa kwenye kila kitu kisicho kipya, na bei hupanda nalo. Kuna njia za kulipima dai hilo bila kuondoka nyumbani.

Jaketi la mwendesha pikipiki tunalolijua leo, lenye zipu ya mshazari na ukosi wa kukunja, lilianzia New York mwaka wa 1928, Irving Schott alipotengeneza Perfecto yake na kuiuza kwa dola 5.50. Jaketi la rubani la A-2 lilikubaliwa na jeshi la Marekani mwaka wa 1931. Marlon Brando akavaa Perfecto katika filamu ya mwaka wa 1953, The Wild One, na tangu hapo nguo ya kazi ikawa nguo ya ujeuri. Mikato hiyo miwili imeigwa kwa miaka mingi, kwa hivyo umbo peke yake si ushahidi.

Ushahidi uko kwenye lebo. Iliyoandikwa West Germany haiwezi kuwa ya baada ya Oktoba 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. Iliyoandikwa Czechoslovakia ilishonwa kabla ya nchi hiyo kugawanyika mwanzoni mwa 1993. Yenye anwani ya tovuti haiwezi kuwa ya miaka ya 1970, hata muuzaji aape. Zipu nayo ina lake la kusema. Talon ilitawala makoti ya Marekani ya zamani, Opti ni ya Ujerumani, Éclair ya Ufaransa, Riri ya Uswisi. YKK, iliyoanzishwa Japani mwaka wa 1934, imeenea kila mahali, na kuiona hakuthibitishi uzee wala upya. Zipu ya plastiki kwenye koti linalodaiwa kuwa la vita ni sababu ya kuaga kwa heshima.

Tahadhari moja ya kisheria iwekwe hapa. Baadhi ya makoti ya zamani yana mapambo ya ngozi ya chatu au mamba. Kenya ina sheria kali ya wanyamapori ya mwaka wa 2013, na biashara ya kimataifa ya ngozi hizo inasimamiwa na mkataba wa CITES. Yaache yalipo.

Hewa ya bahari

Swali la ngozi halisi au bandia ni zito popote, lakini Pwani ni zito maradufu. Ngozi bandia nyingi ni kitambaa kilichopakwa plastiki ya aina ya poliyurethani. Adui wa plastiki hiyo ni maji yaliyomo hewani. Unyevu hupenya polepole na kukata minyororo ya kemikali iliyoishikilia, na baada ya miaka kadhaa utando hupasuka na kubanduka, hata kama nguo haijavaliwa. Koti ambalo Nyeri lingedumu miaka mingi huweza kumalizika Malindi mapema zaidi. Ukiona kwenye picha vipele au magamba ukosini, usiombe punguzo. Ugonjwa huo hauna kurudi nyuma.

Ngozi halisi ina adui mwingine. Kuvu hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70, na kiwango hicho huku ni cha kawaida mwaka mzima, sembuse Aprili na Mei za masika. Kuvu jeupe la juu hufutika. Pangusa nje, mbali na nguo nyingine, kwa kitambaa kilicholoweshwa siki na maji kidogo, kisha lianikwe kivulini penye upepo. Jua kali hukausha mafuta ya ngozi na kuikakamaza. Kuvu jeusi lililozama kwenye bitana huacha harufu isiyotoka, na dawa yake ni kuing'oa bitana yote.

Wapo wanaopaka mafuta ya nazi kwa sababu yapo jikoni. Ngozi italainika, ndiyo, lakini itageuka rangi na kukamata vumbi. Wengine hupaka rangi ya viatu, picha ikameta, kisha shati jeupe la mnunuzi likabeba weusi wote siku ya kwanza. Mafuta maalumu ya ngozi, kidogo, mara mbili kwa mwaka, yanatosha. Kutundika nako kuwe kwenye hanga pana, mahali penye hewa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini bado kuna wanaofungia makoti ndani ya nailoni nzito wakidhani wanayalinda. Ndani yake ngozi hutoa jasho na kuota.

Pesa na koti, kipi kitangulie?

Njia za kununua zimekomaa. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na mwaka wa 2019 kampuni ya matangazo ya mtandaoni ya Jiji ilinunua biashara ya OLX nchini Kenya, ikawa soko la matangazo linalojulikana zaidi. Lakini programu hizi hukutanisha watu tu. Wizi hutokea pale mtu anapoombwa kutuma "nauli ya kifurushi" au "pesa kidogo ya kushikilia" kabla ya kuona kitu.

Aliyeko Kilifi au Malindi ana bahati ya umbali mfupi. Akutane na muuzaji mchana, mahali penye watu, alivae koti, avute zipu mara tatu, alinuse, ndipo alipe. Kununua kwa mbali kuna taratibu zake. Muuzaji anayeaminika hupeleka mzigo kwenye ofisi ya basi na kukutumia picha ya risiti, nawe hulipa salio ukipokea. Kabla ya kutuma pesa, soma jina linalotokea kwenye simu na ulilinganishe na la tangazo. Ukikosea nambari, peleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajatoa pesa. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 inagusa hata mikataba ya intaneti na inamtaka muuzaji atoe maelezo ya kutosha kabla ya mauzo. Kwa hivyo hifadhi mazungumzo yote pamoja na tangazo lenyewe, maana matangazo hufutwa.

Kuna wanaoagiza moja kwa moja kutoka eBay au masoko mengine ya Ulaya na Marekani. Chaguo ni kubwa na maelezo ni ya kina, lakini piga hesabu yote. Kuna nauli ya koti la kilo mbili, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine za uagizaji. Hesabu hiyo huwa na maana kwa koti adimu tu. Kwa la kawaida, robota la Kongowea limeshakulipia safari.

Ng'ombe wa kwetu

Koti la Kiitaliano linalouzwa Malindi huenda lina asili karibu zaidi kuliko lebo inavyosema. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikiuza nje ngozi zilizosindikwa hatua ya kwanza tu, na Italia imekuwa miongoni mwa wanunuzi. Viwanda vya miji kama Santa Croce sull'Arno huzimalizia, huzipaka rangi na kuzigeuza bidhaa za bei. Serikali ilipandisha ushuru wa kuuza nje ngozi mbichi hadi asilimia 80 ili kazi hiyo ibaki nyumbani, na imekuwa ikijenga eneo la viwanda vya ngozi huko Kenanie, kaunti ya Machakos. Bado jaketi la ngozi lililoshonwa Kenya ni nadra kwenye matangazo ya Pwani. Kijana wa boda boda anavaa koti la mtumba kwa sababu jipya la nchini halipo kwa bei anayoimudu. Hadi hapo litakapokuwepo, mtumba ndio duka.

Na duka hili lina kalenda yake. Januari hadi Machi ndio wakati wa kununua Pwani. Joto limefika kileleni, wageni wa mwaka mpya wameondoka, karo imekausha mifuko, na hakuna wa karibu anayetaka kuona koti. Aprili masika huanza na kuvu huamka, kwa hivyo mwenye akiba hushusha bei zaidi, lakini sasa kila picha ya bitana ikaguliwe mara mbili. Mei mzigo uwe umeshapanda basi kuelekea bara, kwa kuwa Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi ya Nairobi na Limuru, na bei hupanda na baridi. Muuzaji anayeshikilia koti Malindi akisubiri mteja wa ndoto hadi Septemba atakuwa amepoteza msimu wa bara na kulilisha kuvu la masika. Mnunuzi anayejua hilo hana haja ya kubembeleza. Februari ataandika ujumbe mmoja, ataomba picha tano na kipimo cha kwapa hadi kwapa, kisha atataja bei yake.